Wageni wa kampuni wanaotaka kupanda miti kwetu: tuwajibu namna gani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa kamati za amani na vyama vya wapanda miti



Tunawashukuru kwa kuacha mashamba yenu na kuja. Tunajua wengine wametembea tangu alfajiri, na wengine wamelipa motari kwa pesa yao wenyewe. Sisi tunaofanya kazi kwenye tereni tumeombwa tuwaeleze jambo moja tu. Kuna kampuni za mbali, za Ulaya na za Amerika, zinazotuma wafanyakazi wao katika nchi nyingine ili wajitolee kwenye kazi za kulinda mazingira. Moja ya kampuni hizo imetuandikia. Inauliza kama watu wake kumi na wawili wanaweza kuja kukaa nasi wiki mbili, wapande miti pamoja nasi kwenye vilima. Jibu haliwezi kutoka ofisini kwetu. Vilima ni vyenu, na miti itabaki kwenu wageni wakiisha kupanda ndege.

Tulipowasomea barua hii baadhi yenu wiki iliyopita, mlicheka. Mama mmoja aliuliza: mtu wa benki anatoka kwake, anapita mawingu, anakuja kuchimba shimo la mche mmoja, je, kwao hakuna udongo? Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana, na tutalirudia. Kwanza tuelewe mambo haya yalianzaje, maana si mapya.

Shirika linaloitwa Earthwatch lilianzishwa mwaka 1971 katika mji wa Boston, Marekani. Kazi yake ilikuwa kuwachukua watu wa kawaida, wasio wataalamu, wakasaidie watafiti porini: kuhesabu ndege, kupima miti, kufuata nyayo za wanyama. Baada ya miaka kampuni zikaona hiyo ni njia ya kuwafundisha wafanyakazi wao. Mwaka 2002 benki ya HSBC ilitangaza programu ya miaka mitano yenye dola milioni 50, ikishirikiana na Earthwatch, WWF na shirika la kimataifa la bustani za mimea. Ndani ya programu hiyo wafanyakazi 2,000 wa benki walipangiwa kwenda kufanya kazi kwenye miradi ya mazingira. Mwaka 2007 ikafuata nyingine ya dola milioni 100 juu ya mabadiliko ya tabianchi. Mara hii wafanyakazi walipelekwa kwenye vituo vitano, huko Uingereza, Marekani, Brazil, India na China. Muangalie vizuri walichokifanya: wengi wao walizungusha utepe wa kupimia kwenye vigogo vya miti iliyokwisha kukua, wakaandika unene wake, ili watafiti wajue msitu unahifadhi kaboni kiasi gani. Hawakuja kupanda. Walikuja kupima, chini ya mtaalamu aliyekuwa pale kabla yao na aliyebaki baada yao.

Ufaransa nako, sheria ya mwaka 1995 ilimpa mfanyakazi haki ya kuomba ruhusa kazini aende kusaidia nchi nyingine. Tangu mwaka 2000 shirika la Planète Urgence likaeneza ile wanayoiita congé solidaire, yaani likizo ya mshikamano: mfanyakazi anatoa karibu wiki mbili za likizo yake, na kampuni inalipa gharama. Mwaka 2008 kampuni ya IBM ikaanza kutuma vikundi vya wafanyakazi kwa mwezi mmoja, na vya kwanza vilikwenda Ghana, Tanzania, Ufilipino, Romania, Uturuki na Vietnam. Hao hawakushika jembe hata siku moja. Waliketi na mashirika ya wenyeji juu ya hesabu, kompyuta na mipango ya kazi. Na Umoja wa Mataifa uliuchagua mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wajitolea kwa Maendeleo Endelevu, kwa hiyo msishangae barua za namna hii zikiongezeka.

Kwa nini kampuni hufanya hivi? Tuseme kweli bila chuki. Kuna wenye moyo mwema. Kuna pia hesabu: mfanyakazi aliyekwenda kujitolea anarudi akiipenda kampuni yake zaidi, na picha zake akiwa na mche mkononi huingia kwenye ripoti ya mwaka. Mambo hayo mawili hukaa ndani ya mtu mmoja, na hata ndani yetu sisi hukaa. Nani hapa hajawahi kwenda salongo akifikiri pia juu ya nani atamwona? Kwa hiyo tusipoteze muda kuwahukumu nia yao. Tuangalie kazi.

Na kazi ya miti kwetu ni ya lazima, hilo hatubishani. Kila nyumba ya mjini inapika kwa makala. Mbabula hailali. Makala hayo kwa sehemu kubwa yalitoka kwa miaka mingi ndani ya Parki ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925, na wote mnakumbuka mwezi wa saba mwaka 2007, sokwe wa milimani walipouawa kwa risasi na biashara ya makala ikatajwa katika kesi hiyo. Mwaka huohuo WWF ilianza projeti ya EcoMakala, ya kuwasaidia wakulima wapande miti ya makala kwenye mashamba yao wenyewe, nje ya parki: mikaratusi, akasia, grevilea. Maelfu ya hekta yamepandwa hivyo na wakulima wa Kivu ya Kaskazini. Tunasema wakulima. Hakuna aliyetoka mbali kuwapandia.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuwaite ninyi wa kamati za amani, wala si wapanda miti peke yao.

Kuna kilima kimoja, hatutakitaja jina, kwa sababu wenyewe wamekwisha kupatana na hatutaki kukwaruza kidonda. Miaka ya nyuma, kabla ya kazi yetu kufika huko, shirika moja lilileta wageni wa kampuni kupanda miti. Shirika lilimuuliza chefu mahali penye nafasi, naye akaonyesha mteremko uliokuwa umelala bila mazao. Mteremko ulikuwa na hadithi. Jamaa moja iliukimbia wakati wa vita vya miaka ya 1990, jamaa nyingine ikaulima kwa zaidi ya miaka kumi, kisha wale wa kwanza wakarudi. Kesi ilikuwa bado kwa wazee, na ndiyo sababu shamba lilikuwa limelala: wazee walikuwa wamekataza mtu yeyote kulima mpaka neno liishe.

Wageni walikuja, wakachimba mashimo siku nne, watoto wakaimba, mabango yakasimikwa. Wiki moja baada ya wao kuondoka, nusu ya miche iling'olewa usiku. Waliolima wakasema: wale wamewaita wazungu wapande ili kesho waseme shamba ni lao. Waliorudi wakasema: chefu ameuza kilima, na hawa ndio wamemhonga. Kijana mmoja alikatwa panga mkononi. Wageni wenyewe hawakujua lolote, na labda mpaka leo picha ya miche ile iko ukutani mwa ofisi yao.

Sisi tuliitwa baada ya hapo, pamoja na baraza la wazee wa pande zote mbili. Ilichukua vikao vingi, na katika vikao vile tulisikia neno moja ambalo tungependa kila mgeni alisikie kabla ya kununua tiketi. Mzee mmoja alisema: maharagwe ni chakula, mti ni ushahidi.

Ninyi mnalielewa bila kuelezwa, lakini tuliweke wazi kwa ajili ya maandishi haya yatakayosomwa na wengine. Kwa desturi zetu, mtu anayelima ardhi ya mwingine anapanda vitu vinavyokwisha katika msimu. Kule Bushi mnajua tofauti ya kalinzi na bwasa. Aliyetoa kalinzi kwa mwami anakaa, na watoto wake wanarithi. Mwenye bwasa anakodi kwa muda, analima maharagwe na viazi, lakini hapandi mgomba, hapandi kahawa, hapandi mti, kwa sababu kinachodumu ardhini kinasema mwenyewe ni nani. Juu ya desturi hiyo iko sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inayosema ardhi yote ni ya Serikali. Sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya Rais ingetolewa kueleza haki za watu kwenye ardhi za desturi. Miaka mingi ilipita amri isitoke, na watu wakabaki katikati: wenye karatasi upande huu, wenye mababu upande ule. Katika hali hiyo, mche wa senti chache ukiwekwa na mkono wa mgeni unaweza kuwa kama muhuri wa ofisi. Na mgeni anadhani amepanda kivuli tu!

Ni hivyohivyo kwa kile kifaa cha GPS. Wageni wengine hupenda kukitembeza kwenye mipaka ya mashamba ili waonyeshe kampuni yao ramani ya kazi. Kwao ni namba. Huku, mtu asiyejulikana akitembea mpakani akiandika namba, usiku huo hakuna anayelala.

Mtasema: basi tukatae. Ngojeni kwanza. Kilima kile kilipatanishwa, na miti ndiyo iliyosaidia kukipatanisha. Walikubaliana kwamba sehemu ya juu, yenye mteremko mkali, ipandwe miti ya wenye ardhi. Sehemu ya chini iendelee kulimwa na jamaa iliyokuwa inalima. Na mpakani pawekwe mistari ya grevilea, ambayo ikivunwa watagawana nusu kwa nusu. Iliandikwa, chefu akatia sahihi, mashahidi wakatoka pande zote mbili. Pepinyeri ikawekwa karibu na kisima kinachotumiwa na wote, na wanawake wa jamaa zote mbili wakapangiana zamu ya kumwagilia. Wale wanaosema miti haileti amani hawajaona watu wawili waliokuwa hawasalimiani wakigombania sasa mbuzi wa nani amekula miche, na kesi ikaisha kwa kicheko. Lakini kazi hiyo ilifanyika pole pole, na miche yake ililindwa kwa sababu kila mmoja alijua ni ya nani.

Kuna na hesabu nyepesi ambayo watu wa kampuni, wanaopenda hesabu, wataielewa haraka. Wafanyakazi wa Ulaya wengi wana likizo mwezi wa saba na wa nane. Kwetu hiyo ni miezi ya kiangazi. Mvua inarudi mwezi wa tisa. Mche uliopandwa mwezi wa saba ni mche uliozikwa. Kwenye kilima tulichotaja, ile nusu ambayo haikung'olewa ilikauka yenyewe.

Tena kupanda ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Mbegu inaingia pepinyeri miezi mitatu hadi sita kabla. Ukipanda kwa nafasi ya mita mbili na nusu, hekta moja inataka miche 1,600. Kisha inapaliliwa miaka miwili, inachungwa na mbuzi na moto, na mikaratusi inakatwa kwa makala baada ya miaka sita au saba. Katika miaka hiyo saba, wiki mbili za mgeni ni nini? Na mwisho wa miaka saba, kama tunachoma kwa tanuru ya udongo ya zamani, kilo 100 za kuni kavu zinatoa mara nyingi kilo 10 hadi 15 tu za makala. Kwa tanuru iliyoboreshwa, kama ile yenye bomba la moshi inayoitwa Casamance, iliyotoka Senegal, unaweza kufika 20 na kuzidi. Mtu akitufundisha kuchoma vizuri ametuokolea miti mingi kuliko ile ambayo kikundi kizima kingepanda.

Tiketi nayo. Kutoka Ulaya mpaka huku, kwenda na kurudi, ni nadra ipatikane chini ya dola 1,000. Watu kumi na wawili, tayari ni dola 12,000, hatujahesabu hoteli, visa na asiransi. Tuseme siku moja ya kulima inalipwa dola 2. Pesa ile ya tiketi ni siku 6,000 za kazi kwa vijana wetu, wale ambao wenye silaha wanawatafuta kila wiki kwa ahadi ya sahani ya chakula. Na ndege yenyewe inamwaga moshi: safari ya mtu mmoja kwenda na kurudi ni zaidi ya tani moja ya kaboni. Sasa mnaona kwa nini tulisema swali la yule mama ni zuri.

Hata hivyo tungekuwa waongo kama tungesema wageni hawa hawana faida. Tumeona faida, tena si ndogo. Mhasibu mmoja, aliyetumwa na kampuni yake, alikaa wiki tatu na chama cha wanawake wanaotengeneza mbabula za udongo zinazokula makala kidogo. Hakupanda kitu. Aliketi nao kwenye mkeka, akachora kaye ya sanduku yenye safu nne tu, akaifanya mara tatu mpaka wasiojua kusoma sana waweze kuisoma kwa alama. Kabla ya hapo chama kilikuwa kimegawanyika mara mbili kwa sababu ya pesa, na mgawanyiko ulikuwa umeanza kufuata kabila: hawa wanakula, hawa wananyimwa. Kaye ile ikanyamazisha mdomo. Bado inatumika, na wameifundisha vyama vingine. Fundi mwingine alitengeneza mashine ya kukandamiza takataka kuwa makala, kwa vyuma vilivyopatikana sokoni, ili ikivunjika isingoje kipande kutoka nje. Hao walikuwa na ujuzi ambao hatukuwa nao, waliitwa kwa shida tuliyoitaja sisi, na walimkuta mwenyeji wa kufanya naye kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndiyo. Lakini kuna wageni ambao jembe lao ni kalamu, nasi tukiwapa jembe la chuma tunawapotezea muda na tunajipotezea wenyewe.

Kuna neno jingine ambalo lazima wageni wa mazingira walisikie wakija huku, hata kama litawauma. Neno mazingira kwa baadhi yenu halina utamu. Parki ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 kutoka hekta 60,000 hivi mpaka 600,000, na ndugu zetu Batwa wakatolewa kwenye msitu wa mababu zao bila ardhi nyingine. Wengine walirudi msituni mwaka 2018, damu ikamwagika, ya kwao na ya walinzi wa parki. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliosema haki za Batwa zilivunjwa. Kwa hiyo mgeni akija na fulana iliyoandikwa linda msitu, asishangae kama mzee wa Kitwa hatampa mkono. Sisi tunaamini msitu na watu wanaweza kulindwa pamoja, lakini hatumwambii mzee yule asahau. Tunaomba tu aketi nasi, na mgeni amsikilize kabla ya kufungua mdomo.

Kijana mmoja wa kamati alituuliza swali ambalo limetuzuia usingizi: kampuni hii inauza nini? Hatukuwa tumeliuliza. Tumeliuliza sasa, na tunangoja jibu. Kama kampuni inatengeneza simu au kompyuta, basi ina vipande vya tantali na bati, na madini hayo huku kwetu yamelipa bunduki nyingi. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 inayozitaka kampuni zieleze madini yao yanatoka wapi, na ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2017, ilianza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2021. Sheria hizo zina kasoro zake. Mnakumbuka Septemba 2010 Serikali iliposimamisha uchimbaji hata machi 2011, na wachimbaji wadogo walivyolala njaa. Lakini mfanyakazi mmoja anayerudi ofisini kwake na kumuuliza mkubwa wake, mbele ya wenzake, bati letu linapita njia gani, huyo anaweza kutufanyia kazi ambayo kikundi cha wapanda miti hakiwezi. Huo nao ni utunzaji wa mazingira. Mashimo ya migodi yanakula vilima kuliko majembe yetu.

Na sasa hali yenyewe ilivyo. Tangu vita vilipoingia Goma mwezi wa kwanza mwaka 2025 na Bukavu mwezi wa pili, hakuna mtu hapa anayehitaji kuelezwa. Kambi za wakimbizi zilivunjwa, watu wakarudi kwenye mashamba yaliyokuwa yamekwisha kuchukuliwa na wengine, na kesi za ardhi zinazofika kwenye kamati zenu zimeongezeka. Miti iliyopandwa kwa miaka imekatwa na wenye njaa na wenye silaha. Asiransi za kampuni za Ulaya hazikubali kutuma mtu wakati kama huu, na walioandika barua wanalijua hilo: wanasema watangoja njia ifunguke, lakini wanataka kuanza kupanga sasa, na wanauliza kama kuna kazi wanayoweza kufanya kwa simu na intaneti.

Tumeandaa jibu, na tunaliweka mbele yenu mlibomoe au mlikubali. Tunawaambia asante, tena kwa moyo. Tunawaambia wasije kupanda. Tunawaomba pesa ya tiketi za kikundi hiki ambacho hakiwezi kuja iende kwenye pepinyeri, kwa vyama ambavyo kamati ya amani ya kijiji imethibitisha kwa maandishi kwamba ardhi yake haina kesi, au kwamba wenye kesi wote wamekubali mti gani upandwe wapi na nani atavuna. Karatasi hiyo isome na pande zote kabla ya mbegu moja kununuliwa. Tunawaomba pia watupatie watu wawili au watatu kati ya kumi na wawili, wale wenye ujuzi wa hesabu na wa kuuza mazao, wakae na makatibu wa vyama kwa simu saa moja kila wiki, kwa miezi sita na si kwa wiki mbili, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili ikiwa wanaye anayekijua, kwa maana tumechoka na mafunzo ambayo nusu yake inapotea kwa mkalimani. Na kama siku moja njia itafunguka, waje wachache, mwezi wa kumi na moja mvua ikiwa imekubali, na wapokewe na pande zote za kijiji siku ya kwanza. Wasipelekwe nyumbani kwa mtu mmoja. GPS ibaki mfukoni mpaka baraza litoe ruhusa. Picha za watoto, hapana.

Tumeongeza mstari mmoja ambao ofisi yetu iliogopa, nasi tukasema tuwaachie ninyi muamue: kwamba sisi nasi tunapenda kumtuma mtu wetu kwao. Mwanakamati mmoja, mwanamke ikiwezekana, aende wiki mbili akawaeleze wafanyakazi wale, katika ofisi yao, jinsi makala, madini na ardhi vinavyoshikana. Visa inaweza kukataliwa. Lakini kama kujitolea ni daraja, tunaona si vibaya kuuliza kwa nini watu wanalipita kutoka upande mmoja tu.

Baba machefu, tunajua wengine wenu mmeahidiwa mambo na mashirika mengine, na jibu letu linaweza kuwaudhi. Semeni hapa hapa, msituambie njiani. Mama wa vyama, ninyi ndio mnaobeba maji ya pepinyeri. Kama kazi imezidi, semeni namba ya miche mnayoiweza. Ndugu zetu Batwa waliokaa nyuma kule, tunawaomba mje karibu, mkatangulie kusema.

Barua inatakiwa kuondoka Ijumaa. Mbegu zikipatikana kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, miche itakuwa tayari kwa mvua za mwezi wa tisa na wa kumi. Zikichelewa tunangoja mwaka mzima. Nakala za jibu ziko kwa katibu, moja kwa kila kamati, na kwa wasiosoma litasomwa mara mbili, pole pole, kabla ya chakula. Tunawasikiliza.